Jiko la Mkaa Mlangoni mwa Duka la Bei Chee

Jumamosi iliyopita niliingia kwenye lile duka jipya la bei chee hapa mjini Songea, siku ya pili tu tangu lifunguliwe, na nikarudi nyumbani Matogoro na furaha ambayo mke wangu anasema haimfai mtu mwenye mvi. Vijana, lile ni duka! Mafuta yamepangwa mpaka darini, tambi, mchele, unga, sukari, kipaza sauti kinapiga kelele mlangoni, watu wanapigana vikumbo kama wanagawiwa bure. Mbele yangu binti mmoja alikuwa amekumbatia chupa tatu za mafuta ya kupikia kifuani.

"Binti yangu," nikamwambia, "soma ubavuni."

"Shikamoo babu. Nisome nini? Bei si ile pale juu?"

"Marahaba. Achana na bei. Soma ujazo."

Akasoma. Chupa ina urefu wa lita na kifuniko cha lita, lakini ndani mna mililita mia nane. Chupa ya rafu ya chini kabisa, ile isiyopambwa, ilikuwa lita kamili kwa nyongeza ndogo ya bei. Akarudisha zote tatu. Watu wanne nyuma yake nao wakaanza kugeuzageuza chupa. Msimamizi wa duka akanitazama kwa jicho ninalolifahamu vizuri, kwa kuwa wenye maduka wamenitazama hivyo kwa miaka ishirini na minane.

Yule binti ndiye aliyesema, "Babu, haya mambo uyaandike." Basi naandika, na sitajifanya mnyenyekevu. Katika mji huu hakuna aliyenunua chakula kingi kuliko mimi, kwa bei nzuri kuliko mimi, akalisha watu wengi kuliko mimi. Nilianza kwa kuosha masufuria katika hoteli moja ya Dar es Salaam. Nikapanda hadi stoo, nikasoma masomo ya jioni kwa hela yangu mwenyewe, nikapata diploma ya ununuzi na ugavi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Diploma hiyo iko ukutani sebuleni, ndani ya fremu, na mgeni akikaa kwenye kochi lazima aione. Kochi nililiweka hivyo makusudi.

Lakini kazi yenyewe sikufundishwa chuoni. Alinifundisha mama mmoja aliyeishia darasa la saba, na alianza kunifundisha siku niliyokaribia kuwafukuzisha kazi wanawake saba.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Dar, nimevaa shati la mikono mirefu, nimenyoosha shingo. Masista wa shule moja ya bweni ya wasichana wakaniajiri kuwa mnunuzi wa chakula. Wasichana mia sita, milo mitatu kwa siku. Siku ya kwanza Sista Mkurugenzi, mama mrefu asiyependa maneno mengi, aliniita ofisini.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, Sista."

"Haule, nitasema mara moja. Chakula chetu ni ghali na wasichana wanalalamika. Kuna mzabuni anataka kuchukua jiko lote, na atakuja na wapishi wake. Bodi itakaa mwisho wa muhula. Mpaka siku hiyo uwe umeonyesha kwamba jiko letu linaweza kulisha vizuri kwa gharama ndogo. Ukishindwa, wale mama saba jikoni wataondoka."

"Sista, hilo ni dogo," nikasema. Kweli nilisema hivyo. Najisikia vibaya hata sasa ninapoliandika.

Wale mama saba waliongozwa na mmoja wao, Mama Nyoni, mpishi mkuu, mfupi, mwenye mikono migumu kama mwiko wake. Wengine walikuwa wajane. Yeye mwenyewe alikuwa analea wajukuu watatu kwa mshahara ule. Sikuwauliza chochote. Mnunuzi mwenye diploma atamuuliza nini mpishi? Kesho yake nikaenda peke yangu nyuma ya stendi, kwenye ghala la Mzee Shabani, mfanyabiashara wa Namtumbo aliyekuwa na bango kubwa: BEI CHEE KULIKO WOTE. Nikaona maharage. Vijana, yalikuwa yanang'aa! Mekundu, yametakata, hayana vumbi wala jani, kila punje inameremeta kama shanga. Bei yake ilikuwa chini ya soko zima. Nikapakia magunia kumi, nikarudi shuleni nimekaa mbele karibu na dereva, nikiwapungia watu mkono.

Wapishi wote walitoka nje kupokea.

"Shikamoo Mama Nyoni. Nimeleta maharage, na bei niliyopata hujawahi kuisikia tangu uzaliwe."

"Marahaba, mwanangu. Hebu fungua tuone."

Akachukua punje moja, akaiweka katikati ya meno ya pembeni, akang'ata. Ikalia *ka!* Akaitema mkononi, akaitazama kwa muda.

"Mwanangu, haya ulinunua au uliokota?"

"Mama, mimi nina diploma ya ununuzi na ugavi."

"Ehee. Na hiyo diploma inaiva kwa kuni ngapi?"

Wale sita wengine walicheka mpaka mmoja akakalia ndoo ya maji bila kujua. Mimi nikanuna.

Siku iliyofuata maharage yalibandikwa saa kumi na moja alfajiri, baada ya kulowekwa usiku kucha. Saa saba mchana, kengele ya chakula ilipogonga, bado yalikuwa magumu. Yakapakuliwa hivyohivyo. Bwalo zima likasikika kama watu wanaomwaga kokoto kwenye mabati. Kiranja wa chakula akasimama akasema kwa heshima zote, "Sista, tunaomba nyundo." Tangu siku hiyo wasichana waliniita Bwana Kokoto, na wapo wanaoniita hivyo hadi leo, wakiwa na watoto wao mkononi. Baada ya siku tatu kuni za wiki mbili zilikuwa zimekwisha. Unafuu wote niliojivunia ulipanda kwenye bomba la moshi, ukaelekea mlima Matogoro.

Hapo mshike jambo la kwanza. Bei iliyoandikwa kwenye gunia ni nusu ya habari. Mimi siku hizi nahesabu sahani: chakula hiki mpaka kifike kwenye sahani ya mtu, kikiwa kimeiva, bila mawe, bila kilichooza, kimenigharimu nini? Maharage ya zamani yanakula kuni. Mchele wenye chenga nyingi unageuka bokoboko. Nyanya zilizobonyea unatupa theluthi nzima.

Nikataka kuficha kosa. Nikamwambia Mama Nyoni tununue magunia machache mazuri tuchanganye.

"Ukichanganya," akasema, "mapya yatakuwa uji na haya yatabaki mawe. Utaharibu mara mbili."

Nikaenda kwa Mzee Shabani kuomba anibadilishie. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akanionyesha kikaratasi ukutani: mali ikishatoka hairudi.

"Haule, ndugu yangu, maharage ni maharage. Labda hao wapishi wako hawajui kupika."

Nilirudi kichwa chini, nikamweleza Mama Nyoni kila neno. Alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama.

"Amesema hatujui kupika?"

"Ndivyo alivyosema, Mama."

Akatamka neno la Kingoni ambalo sitaliandika, maana hata wajukuu zangu watasoma hapa. Kisha akasema, "Kesho Jumamosi. Tafuta majiko mawili ya mkaa."

Saa mbili asubuhi tulikuwa tumekaa kwenye vigoda mbele ya ghala la Mzee Shabani, hatua tatu kutoka mlangoni. Majiko mawili, sufuria mbili zinazolingana, mkaa sawa, maji sawa. Sufuria moja ilikuwa na maharage yetu yanayong'aa. Nyingine ilikuwa na maharage ya njano tuliyonunua njiani kwa mama mmoja kutoka Mbinga, mapya, yana vumbi la shambani. Yote hatukuyaloweka. Mama Nyoni akajifunga kanga ya pili kiunoni na kuanza kusalimia kila mteja aliyepita.

"Habari za asubuhi, baba. Karibu. Tunapika."

"Mnauza?"

"Hatuuzi. Tunajifunza kupika. Mwenye duka amesema hatujui."

Baada ya nusu saa vijana wa bodaboda walikuwa wametuzunguka. Mmoja akaweka dau la soda kwamba mekundu yataiva kwanza, maana yana rangi ya nyama. Mwingine akamwambia anaongea kama mtu anayelishwa na mama yake. Mzee Shabani akatoka nje, kofia mkononi.

"Mama, shikamoo. Kuna nini hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Hapana neno. Wewe endelea na biashara."

"Mama, biashara gani wakati mmekaa mlangoni? Mnanifungia riziki."

"Mlango uko wazi, Shabani. Mimi mdogo, sitoshi kuuziba."

Saa nne kasoro maharage ya njano yakaiva. Mama Nyoni akatia chumvi na kitunguu, bodaboda wakatoa maandazi mifukoni, wakala wamesimama. Wakasifia mpaka watu wa upande wa pili wa barabara wakavuka. Sufuria ya pili ikaendelea kuchemka. Saa tano. Saa sita. Kila baada ya muda Mama Nyoni aliishika kwa vitambaa na kuitikisa, na maharage yakajibu *chaka-chaka-chaka* kama kayamba la kwaya. Mwanamume mmoja aliyekuwa anatoka dukani na gunia begani alisikia ule mlio, akasimama, akalishusha chini polepole. "Haya yangu ni ya wapi?" akauliza.

Hapo Mzee Shabani alikuja mwenyewe. Akachukua punje moja ya moto kutoka sufuriani, akaipuliza, akaing'ata. Mkono ukaenda shavuni.

Mama Nyoni hakumcheka. Akatoa leso yake nyeupe, akachota maharage makavu kutoka kwenye gunia tulilokuja nalo, akayafunga humo na kuyafikicha. Alipoifungua, leso ilikuwa na madoa ya mafuta.

"Yamepakwa mafuta, mwanangu, ili yang'ae. Haya yana misimu mitatu."

"Wallahi, Mama, sikujua. Dalali aliniletea yakiwa hivihivi. Nami nilinunua kwa macho." Akanitazama mimi, nami nikatazama chini, kwa sababu tulikuwa wapumbavu wawili wa darasa moja. "Rudisheni magunia, nitawapa mapya ya njano. Lakini nakuomba Mama, zima jiko kwanza."

"Yapakie kwanza," akasema Mama Nyoni. "Jiko litazimika lenyewe."

Yalipakiwa. Tulimrudishia magunia tisa, kwa sababu la kumi tulikuwa tumelitesa tumboni mwa wasichana. Na Mzee Shabani alikuwa mwanamume kweli: tangu wiki ile aliweka jiko la mkaa ndani ya duka lake, na mteja wa gunia aliruhusiwa kupika kiganja kimoja kabla ya kulipa. Watu walitoka hadi Hanga kuja kununua kwake. Mimi niliendelea kununua kwake hadi alipofunga kwa uzee.

Baada ya hapo nilikuwa mwanafunzi. Kila Jumamosi tuliingia mjini na Mama Nyoni, yeye mbele, mimi nyuma na kapu na diploma yangu. Ngoja niwape aliyonipa, bila mpangilio, kama yeye alivyonipa.

Maharage mapya ukiyang'ata yanaacha alama ya jino. Ya zamani yanapasuka. Gunia la mchele usilitazame juu. Zamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, toa kiganja cha chini, ndiko wanakoficha chenga na mawe. Hili ningelijua mapema ningepona aibu ya Dar, ambako mpishi wa hoteli, mtu wa hasira, aliniketisha siku nzima nichague mawe kwenye gunia nililolipokea kwa mbwembwe. Dagaa wa Ziwa Nyasa ukiletewa, shika mmoja umvunje. Aliyekauka vizuri analia, mwenye unyevu anajikunja, na unyevu huo umepimiwa kama samaki. Kisha watikise kwenye ungo. Mchanga mmeukuta wapi kwenye menyu?

Sado ya kupimia igeuze kwanza uone kitako. Vipo visado vilivyobonyezwa ndani kwa ufundi kiasi kwamba aliyevibonyeza angepewa diploma. Na usiseme kwa ukali. Mama Nyoni alikuwa anakipigapiga kile kitako kwa ngumi taratibu mpaka kirudi mahali pake, huku akiuliza habari za watoto. Muuzaji anacheka, anapima upya, na nyongeza anatia.

Kabichi na nyanya nunua jioni kidogo, wakati mama muuzaji anatazama jua na kufikiria njia ya kurudi nyumbani. Lakini usimkamue. Mama Nyoni alikuwa na mpaka wake: bei ikifika mahali muuzaji anaacha kucheka, alinunua. "Nataka kumkuta hapa wiki ijayo," alisema, "tena akinificha zile nzuri."

Rafu ya bei iliyokatwa, ile ya vitu vinavyokaribia tarehe ya mwisho, wengi wenu mnaiogopa au mnaivamia. Mimi naipenda! Damu bado inanichemka nikiiona. Swali ni moja: nitakila lini? Tambi za wiki mbili zijazo kwa nyumba ya watu wanane ni zawadi. Maziwa ya kesho kwa mtu anayeishi peke yake ni takataka yenye bei nzuri. Kopo lililovimba liache hata likiwa bure. Na hizi picha mnazotumiana kwenye makundi ya simu, "mchele mzuri, bei poa, wahi," sizikatai, nami nimo kwenye makundi matano. Lakini picha haina harufu wala haing'atiki. Ifuate dukani.

Hivyo ndivyo muhula ulivyokwenda. Malalamiko yakapungua, kuni zikabaki, sahani zikarudi jikoni zikiwa tupu. Siku ya bodi ikafika.

Mimi nilitaka tuwapikie wajumbe kuku. Mama Nyoni akakataa kabisa. "Wakila kuku watajua tunaweza kupika kuku siku moja. Leo ni Jumatano. Jumatano wasichana wanakula ugali, maharage na kabichi." Basi wajumbe wakakaa bwaloni, wakala Jumatano yetu. Mzabuni naye alikuwapo, viatu vinawaka, ameleta orodha ya milo iliyochapwa kwa rangi, yenye pilau kila Ijumaa.

Mwenyekiti wa bodi, mwalimu mkuu mstaafu, alikula taratibu, akaongeza. Kisha akamgeukia mzabuni.

"Wewe maharage utanunua wapi?"

"Popote penye bei chee, mheshimiwa."

"Utajuaje kama ni mapya?"

"Tutadai risiti."

Mwenyekiti akainua sahani yake. "Haya niliyokula, nani amenunua?"

Mnanijua. Nilisimama kabla hajamaliza. "Mimi, mheshimiwa. Joseph Haule, diploma ya ununuzi na ugavi."

Kwenye dirisha la jikoni sauti ikatoka: "Amenunua yeye. Nimeng'ata mimi."

Bwalo lilicheka, na Sista Mkurugenzi, ambaye sikuwahi kuona meno yake, akaficha mdomo kwa mkono. Mimi nikasema, "Ni kweli, mheshimiwa. Asipong'ata yeye, mimi nawaletea kokoto." Nilisema kwa sauti kubwa, ili mpaka wasichana wa meza za mwisho wasikie.

Wakafunga mlango wa ofisi, wakakaa saa nzima. Sisi tulisubiri jikoni. Hakuna aliyekaa. Mama Nyoni alikuwa anasugua sufuria iliyokuwa imeshatakata, akizungusha mkono palepale, palepale. Mmoja wa wapishi alianza kukunja aproni yake vizuri, kama mtu anayejiandaa kuirudisha, na mwenzake akamnyang'anya akaikunjua.

Sista akaja, akasimama mlangoni.

"Mnabaki," akasema. "Wote saba. Mzabuni ameshaondoka."

Nilirusha mikono juu! Nikapiga kelele ambayo nadhani ilisikika hadi mlimani. Wale sita walishavuta pumzi wapige vigelegele, lakini Mama Nyoni akaweka sufuria chini, akapangusa mikono kwenye kanga, akanigeukia.

"Haule, chumvi imekwisha, na wasichana wanakula saa kumi na mbili. Umesimama hapo unashangaa nini?"

Vijana, nilikwenda mbio. Na kila niliyekutana naye barabarani, nimjuaye na nisiyemjua, nilimsimamisha nikamwambia naenda kununua chumvi.